Nimerudia muvi zangu tano za zamani kwenye diski zilizosafishwa upya, kumbe sikuwahi kuziona nzima

Nianze na umri maana ndo kiini cha rivyu yenyewe. Nina miaka 47. Hizi muvi tano niliziona mara ya kwanza nikiwa kati ya miaka 9 na 15, kwenye mikanda ya VHS iliyorekodiwa kutoka mkanda mwingine ambao nao ulirekodiwa kutoka mwingine, zile ambazo picha inacheza juu chini na ukifika sehemu tamu ndo mistari myeupe inazidi, kwa sababu kila aliyeazima aliurudisha utepe hapohapo mpaka ukachakaa. Nilizipenda hivohivo, tena sana. Nilikuwa najua stelingi anaingia saa ngapi, adui anakufa vipi, na nikifumba macho muziki naupiga kichwani mwanzo mwisho.

Mwaka huu nikaamua kuzinunua rasmi, 3 kwenye diski za Blu-ray na 2 kwenye za 4K zenye picha kali zaidi, zote zile zilizosafishwa upya kutoka kwenye utepe halisi wa filamu, alafu kila Ijumaa usiku nikawa naangalia moja, taa zimezimwa na simu iko chumba kingine. The Good, the Bad and the Ugly ya 1966, The Godfather ya 1972, Enter the Dragon ya 1973, Sholay ya 1975 na Back to the Future ya 1985. Nilitegemea kufurahi kidogo na kukumbuka utoto basi. Nilichokipata ni kikubwa zaidi ya hapo na ndo maana naandika kirefu, mniwie radhi.

Naanza na ya ma-cowboy, The Good, the Bad and the Ugly, kwa sababu ndo iliyonishtua wiki ya kwanza. Mwongozaji Sergio Leone aliipiga hii picha kwa upana wa 2.35 kwa 1, yaani pana kweli kweli, sasa televisheni zetu za zamani zilikuwa karibu mraba, 4 kwa 3, hivo waliotengeneza mkanda walikuwa wanakata pembeni ili ienee. Piga hesabu mwenyewe, picha pana vile ukiibana ienee kwenye 4 kwa 3 unapoteza zaidi ya asilimia 40. Karibu nusu ya picha! Sasa fikiria lile pambano la mwisho makaburini, watu watatu wamesimama kwenye duara, kila mmoja anawaangalia wawili, muziki wa mtunzi Ennio Morricone unapanda, na mimi miaka yote nimekuwa nikiona mtu mmoja, alafu wanahamisha kwa mwingine, alafu anarudi yule wa kwanza. Sikuwahi hata siku moja kuwaona wote watatu kwa pamoja na nafasi iliyopo kati yao, na ile nafasi ndo pambano lenyewe! Pale ndo utaona nani yuko mbali na nani, nani anaweza kugeuka haraka, nani amebanwa. Nilisimamisha nikarudisha mara tatu. Nilikuwa na umri wa miaka 47 naona kwa mara ya kwanza kitu nilichokuwa naapa nakijua.

Alafu kuna Tuco, mmoja wa wale watatu. Utotoni Tuco alikuwa wa kuchekesha tu, mimi na wenzangu wote tulitaka kuwa Clint Eastwood, hakuna aliyetaka kuwa Tuco. Sasa kuna sehemu katikati wanafika kwenye nyumba ya watawa, Tuco anakutana na kaka yake padri, anaambiwa mama alishafariki siku nyingi na baba amezikwa siku chache tu zilizopita, na kaka mtu anamsema vibaya, wanapigana, anaondoka. Kwenye gari la farasi anamdanganya mwenzake kwamba kaka yake anampenda na kila akija anamlisha vizuri, na mwenzake ambaye amesikia kila kitu hasemi kitu, anampa tu sigara yake avute. Hii sehemu nilikuwa naipeleka mbele jamani. Nilikuwa naiona ni ya maneno maneno. Safari hii ilinikaba koo, kwa sababu nimeshapitia msiba ambao nilifika nimechelewa na najua jinsi mtu anavoanza kuongea uongo mzuri baada ya hapo. Aliyeigiza Tuco, Eli Wallach, alikuwa na miaka 50 wakati wanapiga, yaani yule anayekimbia kama mwendawazimu kati ya makaburi ni mtu mzima wa umri wangu, nimemheshimu upya kabisa.

Tahadhari moja kabla hujanunua hii, angalia ni nakala ya urefu gani. Ipo ya kimataifa ya dakika 161 na ipo iliyorefushwa 2003 ya dakika 179, ambapo walirudisha vipande vilivyokuwa kwa Kiitaliano tu na wakawaita Eastwood na Wallach waweke sauti zao upya kwa Kiingereza, Wallach akiwa na miaka 87. Lee Van Cleef, yule wa tatu, alishafariki 1989 kwa hiyo yeye aliwekewa sauti ya mtu mwingine. Matokeo yake unaona uso wa kijana na inatoka sauti ya mzee, mara inarudi ya kijana. Wengine wanachukia. Mimi binafsi kwa umri huu ilinigusa, nimeiacha hivohivo, ila kwa mara ya kwanza mtu aanze na ile fupi yenye sauti ya asili ya mono, yaani ya spika moja, maana kwenye sauti zilizotengenezwa upya hata milio ya bunduki wameibadilisha na ile milio ya zamani ndo ilikuwa na ladha yake.

The Godfather. Hapa nilikuwa na wasiwasi kwa sababu kwenye mkanda wangu ilikuwa giza tupu, unasikia watu wanaongea humo ndani hujui nani ni nani, nikadhani ni ubovu wa mkanda. Kumbe nusu ni mkanda na nusu ni makusudi, mpiga picha Gordon Willis alining'iniza taa juu ya vichwa vya watu ili macho ya Marlon Brando, anayeigiza Don Vito mzee wa familia ya majambazi, yazame kivulini usijue anawaza nini. Kwenye 4K lile giza lina tabaka, unaona mbao za ukutani, unaona paka anavocheza mkononi mwake, na macho bado huyaoni vizuri na ndo inavotakiwa. Kingine, wale waliokuwa na DVD za mfumo wa televisheni wa PAL wajue kwamba filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde na PAL inaendesha 25, kwa hiyo muvi inakimbia asilimia 4 na sauti zinapanda kidogo, hii ya dakika 175 inaisha kwenye 168 hivi. Dakika saba zinapotea bila kukatwa hata kipande kimoja. Nilipoisikia kwa mwendo wake nikaona Don Vito ana sauti nzito na ya taratibu kuliko nilivomkumbuka.

Na sasa kilichonikalisha kimya. Brando alitimiza miaka 47 siku chache tu baada ya kuanza kupiga hii picha 1971. Umri wangu! Yule mzee mwenye mashavu yaliyoshuka, ni vipodozi, ndani yake kuna mtu wa rika langu. Utotoni nilikuwa upande wa mwanawe Michael moja kwa moja, kijana mpole anageuka kuwa simba, tulikuwa tunapiga makofi. Na ile sehemu ya bustanini karibu na mwisho, mzee na mwanawe wamekaa wanaongea, mzee anauliza jambo, anaenda kwingine, anauliza tena lilelile, alafu anasema hakutaka haya kwa Michael, alitegemea awe seneta, awe gavana, muda haukutosha, hiyo nilikuwa natumia kwenda chooni. Safari hii niliona muvi nzima ipo pale. Baba anajua kabisa kwamba kitu alichokijenga ili kumlinda mtoto ndo kimemmeza mtoto, na hana namna, anaongea kuhusu ulinzi kwa sababu ndo kitu pekee anachoweza bado kumpa. Nina mtoto wa kiume wa miaka 15, sikulala mapema usiku ule.

Mwongozaji Coppola alikuwa na miaka 32 tu wakati anaipiga, sijui alijuaje.

Sholay sasa, ile ya Kihindi. Hii ningeweza kuandika peke yake kurasa kumi. Nakala yangu ni ile ndefu ya dakika 204 yenye mwisho wa awali. Kwa wasiojua, ilipotoka Agosti 15, 1975 India ilikuwa kwenye hali ya hatari na bodi ya ukaguzi ikakataa mzee Thakur amuue jambazi Gabbar Singh kwa sababu Thakur alikuwa polisi na polisi hatakiwi kuchukua sheria mkononi, wakamlazimisha mwongozaji Ramesh Sippy apige mwisho mwingine ambao polisi wanafika na kumzuia. Huo ndo tuliokuwa nao sisi wote kwenye mikanda. Miaka yote hiyo nilikuwa naona mwisho wake umelegea na sikuelewa kwanini, mtu amekatwa mikono, familia imeuliwa, amengoja miaka, alafu wanakuja wanamwambia basi inatosha. Kwenye mwisho wa awali anamaliza, na baada ya kumaliza hana furaha yoyote, anabaki analia, na ule ukimya baada ya hapo unauma kuliko mauaji yenyewe. Mwaka 2025 wameionyesha tena iliyosafishwa pamoja na mwisho huu huko Bologna, Italia, kwa hiyo kama una nakala ya zamani yenye polisi, itunze kwa kumbukumbu ila tafuta hii.

Utotoni Sholay ilikuwa ni Jai na Veeru, wale wahuni wawili waliokuja kumsaidia Thakur, pikipiki, sarafu, na Gabbar anavotembea juu ya mawe mkanda wake wa kiunoni ukiburuzika. Hivo bado vipo na bado vitamu, Amjad Khan aliyeigiza Gabbar bado ananiogopesha. Lakini nimejikuta naangalia watu wa pembeni. Yule mzee imamu kipofu, mwanawe Ahmed anauawa na Gabbar anamrudisha kijijini juu ya farasi, watu wote wamenyamaza, na mzee anakuja na fimbo yake anauliza mbona kuko kimya hivi. Anauliza watu ambao hakuna anayeweza kumjibu. Nikiwa na miaka 11 nilikuwa nasubiri tu mapigano yaanze. Sasa hivi nilisimamisha, nikatoka nje nikapunga upepo, nikarudi. Au Radha, mkwe wa Thakur, jioni, anazima taa moja moja barazani na Jai ng'ambo anapuliza kinanda cha mdomo, hawaambiani hata neno, mwanamke mjane na mwanaume mhuni, na kila siku taa zinazimwa. Niliwahi kuipeleka hii mbele kwa kidole changu mwenyewe mara zisizohesabika! Kwenye Blu-ray unaona mpaka uso wake unavobaki sekunde moja zaidi kwenye taa ya mwisho. Mkanda haukuwa na uwezo wa kuonyesha hilo, palikuwa na doa la njano na mtu mweusi.

Na kuhusu umri tena, Sanjeev Kumar aliyeigiza Thakur, mzee mwenye mvi, alikuwa na miaka 37 siku muvi inatoka, na Dharmendra aliyekuwa kijana wa mapenzi alikuwa amemzidi miaka zaidi ya miwili. Sanjeev Kumar alifariki 1985 akiwa na miaka 47. Nimeandika hiyo namba nikaiangalia kwa muda mrefu. Mzee wa utotoni mwangu hakuwahi kunizidi umri.

Back to the Future sitaichambua sana, kila mtu anaijua na bado inachekesha kama zamani, na picha ni safi mno. Ila jueni kwamba wazazi wa Marty, yule kijana anayerudi nyuma hadi 1955, ambao tuliwaona ni wazee wamechoka, walikuwa sekondari 1955, kwa hiyo 1985 mle ndani wana kama miaka 47. Tena hao! Aliyeigiza baba, Crispin Glover, kiukweli alikuwa mdogo kuliko Michael J. Fox aliyeigiza mtoto wake, karibu miaka mitatu. Zamani nilikuwa nataka Marty awahi saa ya mnara. Safari hii nilikuwa namwangalia George McFly pale mezani mwanzoni, anacheka peke yake mbele ya televisheni huku mke wake anasimulia walivokutana kwa sauti ya mtu aliyesimulia mara mia, na nikatamani sana mtu awape hawa wawili siku moja tu ya kukumbukana. Kumbe ndo muvi nzima inachofanya. Sikuwahi kuiona kama muvi ya ndoa.

Enter the Dragon ndo iliyopungua. Hadithi ni nyepesi, mazungumzo yamekauka, na kule kisiwani katikati nilisinzia kidogo. Ila akishaanza kupigana mtu, hakuna cha kusema, na chumba cha vioo kwenye picha safi ni kitu kingine kabisa. Ukiwa makini utamwona Jackie Chan akiwa bado hajulikani, ni mmoja wa wale wanaovamia, Bruce Lee anamkamata nywele anamvunja shingo, kwenye mkanda sikuwahi hata kuona ule uso. Kilichobaki na mimi ni kwamba Bruce Lee alifariki Julai 20, 1973, muvi haijatoka, ana miaka 32. Nilipokuwa mtoto alikuwa mtu mzima kuliko watu wazima wote. Sasa ni mtu wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, na nikawa namwangalia kama unavomwangalia mdogo wako, natamani angepumzika.

Haya, ubaya wa hizi diski maana upo. Sio kila iliyoandikwa 4K imesafishwa kwa heshima. Niliwahi kununua muvi nyingine ya roboti, haipo kwenye hizi tano, wameisugua mpaka zile chenga ndogo za filamu zimeisha zote na nyuso za watu zimekuwa kama nta, mtu hana tundu la ngozi wala kunyanzi. Zile chenga sio uchafu, ndo filamu yenyewe, ukiziondoa unaondoa na uso. Kwa hiyo tafuta picha za mfano za diski husika kabla hujatoa hela. Pili, televisheni mpya nyingi zinakuja na kile kitu cha kulainisha mwendo kimewashwa tayari, muvi ya 1972 inaonekana kama taarifa ya habari, ingia kwenye mipangilio ukizime, au kama TV yako ina Filmmaker Mode weka hiyo umalize. Tatu, masikio. Kwa umri wetu maneno ya kunong'ona yanaanza kupotea, na diski nyingi milipuko iko juu na mazungumzo chini, hivo washa maandishi ya chini bila aibu. Na hapo ndo nina kinyongo, kwenye diski zangu zote tano hakuna hata moja yenye maandishi ya Kiswahili. Kuna mpaka lugha za nchi zenye watu milioni chache, na sisi tulio mamia ya mamilioni tunasoma Kiingereza cha watu wanaoongea Kihindi. Hii iliniuma kweli na nyota nusu naikata hapo.

Nne, Blu-ray zina kufuli la maeneo ya dunia, A, B na C, uhakikishe inaendana na deki yako. 4K hazina hilo kufuli, moja ya sababu nimezipenda.

Wataniuliza kwanini nisistrimu tu. Nimejaribu. Muvi ipo leo kesho mkataba wao umeisha imeondolewa, na hujui unaletewa nakala ipi, yenye mwisho upi, urefu gani. Alafu diski ya 4K inaweza kubeba data mpaka megabiti 128 kwa sekunde wakati kwenye kustrimu ni kama 15 mpaka 25, na tofauti inaonekana palepale kwenye giza la Godfather, linakatika vipande vipande kama vigae. Kwa muvi unayotaka kuiona mara moja strimu tu. Kwa ile uliyoibeba miaka 35 nunua diski.

Kwa jumla nazipa nyota 4 na nusu kati ya 5, Enter the Dragon peke yake 3 na nusu. Ushauri kwa wa rika langu, usiangalie mbili usiku mmoja, na usishike simu, na sehemu uliyokuwa unaipeleka mbele utotoni ndo uikalie kwa makini zaidi.

Sholay nitairudia mwezi ujao. Mama yangu alisikia muziki kwenye simu wakati tunaongea akaniuliza ni ile, nikamwambia ndiyo mama, ni ile ila mwisho wake ni mwingine. Akanyamaza kidogo. Akasema yeye kila mara alikuwa anaondoka kabla haijaisha, alikuwa anatupikia sisi tuliokuwa tunaangalia, kwa hiyo mwisho hajawahi kuuona, hata ule wa polisi. Nimemwekea kiti cha katikati.